Bei ya dola ya mwezi uliopita usiiguse

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na nyie mnaoagiza mzigo nje na mahesabu mnaweka kwenye Excel au Google Sheets. Wengi wetu tuna kisanduku kimoja tu cha bei ya dola, na fomula zote zinasoma hapo. Mwezi mpya ukiingia, unafuta namba ya zamani, unaandika mpya. Mimi nasema hiyo tabia inakula mtaji kimya kimya.

Mfano ni mimi mwenyewe. Novemba 2024 niliagiza viatu pea 100, kila pea dola 8 mpaka inanifikia. Dola nilinunua kwa 2,700, kwa hiyo pea moja ilinigharimu 21,600. Nikauza pea 60 kwa 25,000. Desemba, kama mnakumbuka, dola ikashuka ghafla mpaka kwenye 2,400 hivi. Nikabadilisha ile namba moja, shiti yote ikajihesabu upya, ikaniambia pea moja imenigharimu 19,200. Nikajiona mjanja, nikaweka ofa. Pea 40 zilizobaki nikazimaliza kwa 21,000.

Shiti ikasema faida 420,000. Nikatoa 400,000, nikalipa kodi ya fremu. Kumbe faida ya kweli ilikuwa 180,000 tu, na kila pea ya ofa niliuza kwa hasara ya 600. Ile 220,000 ilikuwa mtaji. Mzigo uliofuata pesa haikutosha, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipokaa chini na risiti.

Kuna atakayesema, "Lakini mzigo ujao nalipia kwa bei ya leo." Sawa kabisa. Bei ya leo itumie kupanga mzigo ujao. Mzigo ulioshalipia, pesa yake ilishatoka, hata dola ishuke vipi hairudi.

Fanya hivi. Fungua shiti ya pili, iite Dola. Kolamu A andika mwezi, mfano Novemba 2024, kolamu B bei ya dola ya mwezi huo. Kila mwezi ongeza mstari mpya chini, wa juu usiuguse. Kwenye shiti ya mizigo, A iwe mwezi uliolipia na B iwe gharama kwa dola. Halafu C weka:

=B2*VLOOKUP(A2,Dola!A:B,2,FALSE)

Jina la mwezi liandikwe sawasawa pande zote mbili, la sivyo fomula italeta kosa.

Mambo matatu ya kuangalia:

1. Andika bei uliyokatwa kweli na benki au wakala, siyo uliyoiona Google.
2. Fomula ya GOOGLEFINANCE inayovuta bei yenyewe inaleta ya leo, na kesho inabadilika. Ukiitumia, kopi hiyo namba halafu pesti thamani tu, ibaki hivyo hivyo.
3. Ukilipia mara mbili mwezi mmoja kwa bei tofauti, andika bei ya dola kwenye mstari wa kila mzigo.

Fomula zikikushinda, hata daftari linatosha: tarehe, dola ngapi, kwa shilingi ngapi. Ila kabla hujaweka ofa ya mwisho wa mwezi, hakikisha unajua ule mzigo ulilipia dola kwa bei gani.