Wimbo Umetoka Tana, Umefika Eldoret

Mnamo mwezi wa Juni mwaka 2025 nilikuwa Eldoret, nyumbani kwa binti wa dada yangu aliyeolewa huko. Mtu wa Pwani akifika Eldoret jambo la kwanza linalompokea ni baridi, na la pili ni kuulizwa kama anajua kukimbia. Baridi niliivumilia kwa koti la kuazima. Ama mbio, niliwajibu kwamba kwetu sisi twashindana kwa majahazi. Mji wenyewe umekua mno. Ule mji ambao wazee waliuita Sisibo, kwa kuwa ulianzia katika shamba nambari 64, ulipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mjukuu wangu wa kiume, mwanafunzi wa Gredi ya 4, hadi katika shule yao ya serikali. Nilipokuwa bado nje ya ua bendera ikapandishwa na watoto wakauimba wimbo wa taifa. Nilisimama wima nikawasikiliza, na nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe. Sauti ile ni yetu. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, kamati ya watu watano, nao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume aliyekuwa mwana wa Pwani, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilikwenda ikachukua wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, ikaufanya wimbo wa nchi nzima. Kwa hivyo kila bendera inapopanda, watoto wa Eldoret huimba kwa sauti iliyotoka kandokando ya Mto Tana.

Jioni nikamuuliza yule mtoto, "Wimbo mlioimba asubuhi umetoka wapi?"

Akanijibu bila kusita, "Umetoka Nairobi, babu."

"Na mwalimu wenu wa muziki hakuwaambia?"

"Mwalimu wa muziki ndiye wa hisabati, babu. Kipindi cha muziki twafanya hisabati."

Hapo ndipo nilipokata shauri kuandika makala haya. Simlaumu mwalimu yule, nami simjui. Mwalimu wa shule ya msingi hubeba masomo yote darasani, na atakapoulizwa na mkubwa wake ataulizwa habari za hisabati, wala hakuna atakayemuuliza kama watoto wake wajua kuimba. Lawama yangu ni kwa mazoea yetu, ya serikali na ya wazazi pamoja, kulihesabu somo la sanaa kama kiti cha mgeni: chaondolewa nyumba inapojaa.

Mazoea haya yana historia, na Eldoret yenyewe imo ndani yake. Kamati ya Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyopendekeza chuo kikuu cha pili nchini, na ndicho Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa karibu na mji huu mwaka 1984. Kamati hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, na nia yake ilikuwa njema: mtoto asisome kwa kalamu peke yake, ajue pia kazi za mikono, kuchora na kuimba. Mimi ni katika watoto wa mwanzo wa mfumo huo. Nakumbuka tulivyokariri nota zilizochorwa ubaoni kwa chaki, na katika muda wote huo sikusikia ala moja ikipigwa darasani. Tulijua jina la nota, sauti yake hatukuijua. Hata hivyo somo lilikuwako na lilitahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipopunguzwa, muziki na sanaa vikatolewa katika mtihani wa darasa la nane. Basi mambo yakawa kama tujuavyo: somo lisilotahiniwa likabaki katika ratiba iliyobandikwa ukutani, na saa yake ikaliwa na masomo mengine.

Isitoshe, tulikuwa tumeshashauriwa. Mwaka 1984 tume ya rais ya muziki, iliyoongozwa na yule yule Washington Omondi wa wimbo wa taifa, ilitoa ripoti yake kuhusu hali ya muziki nchini. Mtu aliyelipa taifa sauti yake aliombwa ushauri akautoa. Kilichobaki mashuleni ni mashindano tu. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo asili yake ni mwaka 1927, ni jambo la fahari, nami silitukani. Lakini katika shule yenye watoto elfu moja, wanaokwenda kwenye tamasha ni hamsini wenye sauti nzuri, na wale mia tisa na hamsini hubaki madarasani. Hilo ni shindano la kikombe, somo ni jambo jingine.

Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019. Kwa maandishi, mtaala huu umewapa watoto haki yao. Tangu madarasa ya chekechea mtoto huimba na kufinyanga. Gredi ya 1 hadi ya 3 ana vipindi 7 vya sanaa kwa juma. Gredi ya 4 hadi ya 6 ana vipindi 6, ambamo muziki, uchoraji na mazoezi ya mwili vimeunganishwa. Akifika sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, hupata vipindi 5 vya sanaa bunifu na michezo. Ngazi imejengwa vizuri, ila haina fundi wa kumshika mtoto mkono. Mwalimu mmoja atakiwa afundishe kinanda, rangi na mpira, naye chuoni alisomea jambo jingine. Na zile sekondari msingi, zilizoanza mwaka 2023 ndani ya shule za msingi, zimekuwa zikilia kwa uhaba wa walimu na vyumba. Mahali penye mwalimu mchache, sanaa ndiyo huanza kukosa.

Nimwambie msomaji habari za ndugu yake yule mtoto, msichana, ambaye mwaka ule alikuwa Gredi ya 9. Jioni huenda madrasa. Ana sauti ya qasida ambayo nikiisikia humkumbuka marehemu mama yangu, na ana mkono wa khati: humpa kalamu ya mtete akakuandikia Bismillahi ukadhani imechapwa. Mwezi ule ule alitakiwa kuchagua njia ya kufuata sekondari ya juu. Njia ni tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ni ya kwanza, sayansi ya jamii ni ya pili, sanaa na sayansi ya michezo ni ya tatu. Yeye aliitaka ya tatu. Kumbe si kila shule ina njia zote. Zile shule kubwa za bweni zina tatu, na nyingi nyingine zina mbili tu, na inayokosekana ni ile ya sanaa. Shule ya kutwa iliyo karibu nao, ambayo karo yake baba aiweza, ilikuwa ya njia mbili. Basi mtoto alikuwa amepewa haki ya kuchagua, na mlango wa chaguo lake uko mbali na mfuko wa babake.

Baba mtu, ambaye ni Muislamu mzuri na mchapa kazi, aliniambia, "Mjomba, bora hivyo. Muziki si wetu sisi."

Neno hili nimelisikia Mombasa, Malindi na Lamu, na sasa nimelisikia Eldoret. Nalijibu kwa adabu, kwani mimi si mufti, ni mtu wa chuo tu. Wanaouchukia muziki wana hadithi wanazozitegemea, na wako maulamaa wakubwa waliokataza ala. Lakini ziko pia hadithi nyingine. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Abubakar aliwakuta vijana wawili wa kike wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, akawakemea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia awaache, kwani zile ni siku za Idi. Hapa kwetu Lamu, Habib Swaleh alipoleta maulidi ya matari walikuwako masharifu na mashekhe walioyapinga. Leo watu hutoka nchi za mbali kuja Msikiti wa Riyadha kuyahudhuria. Kwa hivyo tusiseme si wetu. Tuseme kuna linalotufaa na lisilotufaa, na asiyesoma hawezi kupambanua.

Tena tutazame tunayofundisha wenyewe. Mtoto wa chuo hufundishwa makharij, hufundishwa ghunna, hufundishwa kuvuta madda kwa kipimo chake, asizidishe wala asipunguze. Sisemi Kurani ni muziki, hasha! Nasema sikio lililofunzwa hivyo limekwisha kunolewa, na mtoto huyo akiingia darasa la muziki hatakuwa wa mwisho. Na kwa upande wa uchoraji, nani ametangulia kutuonyesha kwamba sanaa yaweza kuwa kubwa bila sura ya mtu wala mnyama? Misahafu iliyonakiliwa Siyu ikatiwa nakshi za rangi, milango ya Lamu, vidaka vya nyumba za mawe, kofia za kushona kwa mkono, mikeka ya ukindu, na ile siwa ya pembe ya ndovu ya Pate iliyomo katika jumba la makumbusho la Lamu: hayo yote ni kazi za watu waliofunzwa. Walifunzwa na mafundi, na mafundi wanakwisha.

Nami kama mshairi nina dukuduku langu. Mtoto wa shule afundishwa ushairi wa Kiswahili kwa kuhesabu. Mizani ngapi, vina gani, mishororo mingapi, beti ngapi. Ahesabu kama karani wa forodha. Lakini ushairi wetu ulitungwa uimbwe. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, hauna maisha kamili mpaka usomwe kwa mahadhi yake. Mizani iliwekwa kwa ajili ya sauti. Ukiondoa sauti umembakishia mtoto hesabu tupu, na ndiyo maana wengi huuogopa ushairi kama wanavyoogopa aljebra. Dawa yake haiko mbali: kipindi cha muziki na kipindi cha Kiswahili vishikane mikono, watoto wa Eldoret wausikie utenzi ukiimbwa.

Na watoto wa Pwani nao wasikie ya huku bara. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mitambo yake akanasa sauti za wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini humo. Wakipsigis walilichukua jina la mgeni, wakalilainisha kwa ulimi wao, wakalitia katika muziki wao wa kinanda cha nyuzi. Hivyo ndivyo watu wenye sanaa yao wanavyompokea mgeni. Lakini niliowauliza pale mtaani, watoto wa Kikalenjin wenyewe, hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Wako watakaosema, "Sanaa haimpi mtu chakula." Eldoret kuna kiwanda cha nguo cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007. Kitambaa hakijichori chenyewe, lazima pawe na mtu wa kuchora maua yake. Sisi Waswahili twavaa kanga kila siku. Maneno yake twayatunga sisi, na kanga nyingi huchapwa Bara Hindi na Uchina. Mwenye kuchora ndiye anayekula.

Nashauri nini basi? Kwanza, kipindi cha sanaa kiheshimiwe kama kipindi cha hisabati, na kama mwalimu aliyesomea sanaa ni mmoja, shule tatu au nne zilizo jirani zimgawane kwa siku. Pili, elimu ya chekechea imo mikononi mwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kaunti zianze hapo, kwa ngoma na udongo wa kufinyanga, vitu visivyotaka fedha nyingi. Tatu, kila eneo liwe na angalau shule moja ya kutwa yenye njia ya sanaa, ili mtoto wa maskini naye achague. Nne, na hili ni letu sisi: walimu wa qasida, mafundi wa khati na wachongaji wende mashuleni wajitolee saa moja kwa juma. Tukikaa vibarazani tukilalamika kwamba utamaduni wetu hautajwi, na mlango tumeupa mgongo wenyewe, tutamlaumu nani?

Yule msichana alifanya mtihani wake, akapita vizuri, na Januari 2026 akaingia Gredi ya 10 katika ile shule ya kutwa iliyo karibu, njia ya sayansi. Namuombea Mola amfanikishe, kwani sayansi nayo ni elimu, wala sina ugomvi nayo. Ila nilipompigia simu kumuuliza kama bado aandika khati, alinijibu, "Siku za likizo, babu."

Ama yule mdogo, nilimweleza habari za wimbo, na jinsi akina mama wa Tana walivyowabembelezea watoto. Kesho yake alimwambia mwalimu wake, na mwalimu akamsimamisha awaambie wenzake. Dakika tano zilitoka katika hisabati siku hiyo, na sikusikia kwamba kuna aliyepungukiwa.