Takwimu za Maradhi na Askari wa Zamu

Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa mjini Goma, nchini Kongo. Goma na Gisenyi ni miji iliyotenganishwa na mpaka tu, na maelfu ya watu huuvuka kila siku kwenda kuuza na kununua. Kwa hiyo habari hiyo iliwahusu watu wote wa Rubavu, tangu wachuuzi wa mpakani hadi wakulima wa Nyakiriba. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Tarehe 1 Agosti Rwanda iliufunga mpaka kwa saa kadhaa, kisha ikaufungua.

Wagonjwa waliothibitishwa Goma katika majira hayo walikuwa 4, katika mji wenye wakazi zaidi ya milioni moja. Mtu aweza kupiga hesabu na kusema: hatari haifiki mtu mmoja katika kila 250,000, ya nini basi kunawa mikono na kupimwa joto la mwili?

Hesabu ni sahihi, lakini hitimisho ni potofu. Kwanza, idadi ilibaki ndogo kwa sababu waliokutana na wagonjwa walitafutwa, wakachanjwa na kuangaliwa kila siku. Kuacha tahadhari kwa ajili ya idadi hiyo ni sawa na mlinzi kuliacha lango kwa kuwa jana hakuingia mwizi. Pili, kati ya wagonjwa hao 4, watatu walikuwa wa nyumba moja: baba, mke na mtoto. Kwa nyumba hiyo wastani wa mji haukuwa na maana yoyote.

Jambo hilo lilionekana tena nchini Rwanda mwaka 2024, ulipozuka ugonjwa wa Marburg. Waliougua walikuwa 66 na waliofariki 15. Katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 13, hao ni kama watu 5 katika kila milioni. Lakini karibu 4 katika kila wagonjwa 5 walikuwa wahudumu wa afya. Hatari ilikuwa imewakalia wale ambao kazi yao ni kumgusa mgonjwa. Askari naye, ambaye hupekua, hukamata na hubeba majeruhi, asijipime kwa wastani wa raia aliyeketi nyumbani.

Upotofu mwingine husikika mara nyingi kambini: "Wengi wa waliougua walikuwa wamechanjwa, chanjo haifai." Tuchukue mfano wa kikosi cha watu 1,000, ambao 900 wamechanjwa na 100 hawakuchanjwa. Wakiugua 18 waliochanjwa na 10 wasiochanjwa, ni kweli kwamba wengi wa wagonjwa wamechanjwa. Lakini 18 katika 900 ni asilimia 2, na 10 katika 100 ni asilimia 10. Asiyechanjwa yumo hatarini mara tano zaidi.

Hata akili ya kawaida yaweza kupotosha. Mtu wa Ebola asiye na dalili haambukizi wengine. Kwa hiyo kupima joto mpakani kulikuwa na faida. Korona, iliyothibitishwa Rwanda kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 2020, huweza kuenezwa na mtu anayejiona mzima kabisa. Askari magereza wa Nyakiriba, anayelinda watu wengi ndani ya ukuta mmoja, hawezi kuridhika kwamba hakuna anayekohoa.

Basi, ndugu askari, uletewapo takwimu, uliza maswali matatu. Ni wangapi kati ya wangapi? Ni akina nani hasa walioambukizwa? Na idadi hiyo ilipatikana baada ya hatua gani za kinga? Yasipojibiwa hayo, usiache zamu yako ya tahadhari, kwa maana maradhi unayoyaepuka wewe ndiyo watakayoepushwa wenzako bwenini na watoto wako nyumbani.