Filamu Kongwe na Wazee Wetu: Tuchague Zinazosimulika

Kila zinapokaribia siku za Idi au likizo ndefu, vijana huuliza filamu ipi ya zamani yafaa kutazamwa na wazazi, na mtandao huwapa orodha za filamu bora za dunia, zilizopangwa na wahakiki wa mbali. Sina ugomvi na orodha hizo. Ninachokipinga ni kigezo chake. Kwa maoni yangu, filamu ya kutazama na mzee haichaguliwi kwa tuzo ilizopata. Huchaguliwa kwa jinsi mzee mwenyewe anavyoweza kuisimulia.

Kwa wazee wengi wa mwambao, tangu Mombasa hadi Unguja, sinema ya ujanani ilikuwa ya Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor (1951), Mother India ya Mehboob Khan (1957) na Mughal-e-Azam ya K. Asif (1960) zilipendwa na watu wengi ambao Kihindi hawakukijua. Aliyeiona filamu alimsimulia asiyeiona, ukumbini au barazani, na kwa kufanya hivyo ikakua sanaa ambayo hadi leo hatujaipa jina: usimulizi wa filamu kwa Kiswahili. Msimulizi hakuwa na maneno ya kutafsiri. Alikuwa na nyuso, machozi na muziki, na ilimlazimu atafute Kiswahili chake mwenyewe cha kuvieleza.

Shangazi yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, angali na sanaa hiyo. Katika Mother India, Radha anapompiga risasi mwanawe Birju aliyemteka binti wa watu siku ya harusi yake, mimi huona kisa. Yeye hutoa hukumu. Niliwahi kumsikia akisema: "Aibu waweza kuifunika. Fedheha imeshaonwa na watu. Izara hubaki hata wenyewe wakishakufa." Maneno hayo hayamo katika filamu. Yamo kwake, na bila Radha na bunduki yake nisingeyasikia. Kamusi hunipa maneno hayo matatu kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Shangazi aliyapa kila moja mahali pake.

Ndiyo maana naomba tuyazime maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Maandishi yale humnyamazisha mzee, kwa kuwa kijana anayeyasoma hana tena haja ya kuuliza. Hata mzee asiyejua Kihindi hudaka maneno tunayochangia nacho kupitia Kiarabu: dunia, wakati, safari, zamani, subira. Akilidaka moja, huanza kueleza.

Washairi tuna sababu ya ziada. Filamu hizo zilibeba tungo za washairi wa kweli. Shakeel Badayuni ndiye aliyetunga nyimbo za Mother India na za Mughal-e-Azam. Sauti za nyimbo za Kihindi zikaingia katika taarabu ya Mombasa, na Juma Bhalo akaziimbia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir. Anayetunga kwa kufuata sauti ya kuazima hana uhuru wote wa mizani, maana sauti ndiyo imfungayo na ndiyo imwongozayo. Mketishe mzee mbele ya filamu yenye nyimbo, kisha usubiri. Huenda akaimba maneno ya Kiswahili juu ya sauti ya Kihindi, na huenda maneno hayo hayamo katika diwani yoyote.

Nikiulizwa nitaje, basi Pyaasa ya Guru Dutt (1957) naiweka mbele kwa kila nyumba yenye mshairi. Ni kisa cha mshairi anayepuuzwa akiwa hai na kushangiliwa akidhaniwa amekufa. Mzee yeyote ana wa kumfananisha naye. Mughal-e-Azam itazameni katika nakala ya kwanza, si ile iliyotiwa rangi yote mwaka 2004. Katika ile ya kwanza sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe, kisha katika wimbo wa jumba la vioo rangi hutokea ghafla. Kwa kuwa filamu hupita saa 3, igaweni kwa siku mbili, mzee apate nafasi ya kuzungumza.

Wako watakaosema kwamba natukuza sinema za kigeni. Nisemacho ni kwamba Kiswahili kilichotamkwa mbele ya sinema hizo si kigeni. Mzee ambaye ujana wake ulipita kwingine ana filamu nyingine; aulizwe, achague yeye. Na asiyependa sinema kwa sababu za dini au za haya, hasa mbele ya wakwe, aachwe na heshima yake.

Filamu zenyewe zimehifadhiwa, na wajukuu wetu watazipata wakizitaka. Usimulizi wake haujahifadhiwa, na kila mwaka tunawazika wasimulizi. Basi washairi wenzangu, mtakapoketi na wazee wenu, wekeni kalamu karibu, na mzee akianza kusema, simamisheni picha.