Draiva ya Kidhibiti Isikate Ujumbe wa I2C

Mmeshawasikia wanaotaka draiva ya kidhibiti cha I2C ikate yenyewe ujumbe unaozidi uwezo wa kidhibiti. Wanasema mwandishi wa programu hapaswi kusumbuliwa na kikomo, tuseme cha baiti 32, asichokijua. Nia ni njema, ila katika I2C ishara ya kuanza na ya kusimama ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Chukueni chipu ya kumbukumbu ya 24C256: ukurasa wake ni baiti 64, na kila uandishi hutanguliwa na baiti mbili za anwani. Jumla 66. Zikikatwa 32, 32 na 2, kipande cha kwanza kinafika salama na baiti 30 za data. Chipu ikiona ishara ya kusimama, inaanza kujiandika ndani na haiitikii tena kwa milisekunde kadhaa. Hata draiva ikisubiri, baiti mbili za mwanzo za kipande cha pili zitasomwa kama anwani, na 30 zilizobaki zitaandikwa mahali ambapo hakuna aliyepachagua. Kipande cha tatu chote kitageuka anwani. Katika baiti 64, 34 zimepotea au zimeharibu data nyingine.

Wanajibu kwamba kwenye SPI kerneli ya Linux hugawa hivyo hivyo. Ni kweli. Lakini huko waya wa kuchagua chipu unaweza kubaki umeshikiliwa kati ya vipande, na chipu ikaona mazungumzo mamoja. I2C ina nyaya mbili tu, ya data na ya saa; haina waya wa kushikilia hivyo.

Wengine wanasema: basi tuma kinachowezekana, kisha rudisha idadi iliyotumwa. Idadi ya nini? Katika Linux, i2c_transfer hurudisha idadi ya jumbe, si ya baiti. Ujumbe uliopunguzwa utahesabiwa kuwa umekamilika. Tena, mwandishi aliyeahidiwa kutosumbuliwa sasa anatakiwa amalizie mabaki mwenyewe.

Ushahidi wao wa mwisho ni draiva ya at24, ambayo hugawa maombi marefu. Hiyo ni draiva ya chipu, si ya kidhibiti: inaujua ukurasa, na kila kipande hukipa anwani yake. Ili ikate sawasawa inahitaji kuambiwa kikomo. Tangu 2015 kerneli inaruhusu kidhibiti kukitangaza, na ujumbe unaokizidi hukataliwa kwa kosa lililo wazi kabla biti moja haijatoka.