Mtoto anakula lakini anakonda: mwili unapochoma mafuta bila breki

Asubuhi za Kumsenga, wilayani Kibondo, huwa na baridi ya kutosha kugandisha mawese. Mama akifungua dumu kabla jua halijapanda, hukuta mafuta yamekaa chini kama uji mzito, na inabidi alisogeze dumu karibu na jiko ndipo apate ya kuungia maharage. Sehemu kubwa ya kinachoganda pale ni asidi ya mafuta iitwayo palmitiki, jina linalotokana na jamii ya miti ya mchikichi. Karibu asilimia 44 ya asidi za mafuta zilizomo kwenye mawese ni hiyo.

Mwili wa huyo mama nao una palmitiki yake, chini ya ngozi na kuzunguka tumbo. Si lazima iwe imetoka kwenye dumu. Hata ugali wa muhogo ukiliwa kupita mahitaji, ini huweza kuugeuza kuwa mafuta ya aina hiyohiyo na kuyaweka akiba.

Akiba hiyo huanza kutumika siku yoyote anayokwenda kupalilia bila kunywa chai. Ini la mtu mzima huhifadhi takribani gramu 100 za sukari, na ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Hesabu haitoshi. Kwa hiyo usiku ukiwa mrefu na chakula kikichelewa, mwili hufungua ghala la mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, wakati gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Ndiyo maana mtu mwenye afya anaweza kulima hadi saa sita mchana na jembe bado likapanda na kushuka.

Namna mafuta yanavyovunjwa ilifumbuliwa na Mjerumani Franz Knoop mwaka 1904, enzi ambazo wenzake walikuwa wakiitawala Tanganyika. Alifunga alama ya kikemikali kwenye mkia wa asidi za mafuta, akawalisha mbwa, kisha akapima mkojo wao. Kila mara alama ilitoka ikiwa imebaki na kipande kifupi, na urefu wa kipande hicho ulimwonyesha kwamba mwili haukati ovyo. Hukata kaboni mbili kwa wakati mmoja, kuanzia mwisho mmoja wa mnyororo.

Mwenye kujua kukata miwa hana shida ya kulielewa hili. Palmitiki ni muwa wa pingili 16. Mwili huukata mara saba ukapata vipande vinane vya pingili mbilimbili, na kila kipande hupelekwa kuchomwa kwa hewa ya oksijeni ndani ya vyumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Kinachobaki baada ya kuungua ni maji na kabonidayoksaidi. Kwa maneno mengine, anayepungua unene huyatoa mafuta yake kwa sehemu kubwa kwa kupumua. Wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni wanapunguza maji, ambayo yatarudi na glasi ya kwanza.

Ubongo hauwezi kuutumia muwa huu kama misuli inavyoutumia. Njaa ikizidi, ini huchukua vile vipande na kuviunganisha viwiliviwili kuwa ketoni, ambazo husafiri kwa damu hadi ubongoni na kutumika badala ya sukari. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima hutengeneza ketoni kidogo na hapati madhara, kwa sababu kongosho lake linaendelea kutoa insulini kidogokidogo. Insulini inajulikana zaidi kwa kuingiza sukari kwenye seli, lakini ina kazi nyingine isiyotajwa sana: ndiyo breki ya ghala la mafuta.

Kuna watoto ambao breki hiyo hukatika kabisa. Kinga ya mwili wao hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na hapo ndipo huanza kisukari cha aina ya kwanza. Hakiletwi na kula sukari nyingi, wala mzazi hakukisababisha kwa malezi.

Nyumbani huanza taratibu. Mtoto wa miaka tisa anaamka usiku kunywa maji, tena na tena. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anarudia, na pengine anachapwa kwa hilo. Anakula vizuri, hata anaongeza, lakini sare ya shule inampwaya. Sukari imejaa kwenye damu na haiingii inakotakiwa, hivyo mwili unaamini una njaa na unafungua ghala lote la mafuta kwa pamoja. Ini linapokea mzigo usio na kipimo na kutoa ketoni kuliko zinavyoweza kutumika. Ketoni ni tindikali. Zikizidi, damu yenyewe inachachuka.

Sasa mtoto anatapika na kulalamika tumbo. Anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama aliyepanda mlima, ilhali amelala. Pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva mno au ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni, mojawapo ya ketoni. Katika nyumba inayopika pombe ya ndizi, bibi anaweza kabisa kudhani mjukuu ameonja. Wengine wanasema karogwa. Wengi zaidi wanasema malaria, na katika mkoa wa Kigoma hilo ni wazo la busara, maana malaria ipo.

Shida ni kwamba wazo hilo la busara likifunga mjadala, mtoto anaweza kufa. Kutapika, kulegea na kupumua haraka hufanana na malaria kali au homa ya mapafu. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kwamba vimelea vipo, hakijafuta kisukari, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kinachotenganisha ni tone la damu ya kidoleni kwenye mashine ya kupima sukari, na jibu hupatikana ndani ya dakika moja. Pale isipokuwepo mashine, kijiti cha kupimia mkojo kinaweza kuonyesha sukari na ketoni.

Hapo maneno ya mzazi yana uzito kuliko anavyodhani. Akisema "ana homa na anatapika", ametaja dalili za magonjwa ishirini. Akisema "Daktari, kwa wiki mbili sasa anakunywa maji mno, anakojoa mno, na amekonda, naomba apimwe sukari", ametaja ugonjwa karibu kwa jina. Kuomba hivyo si kumfundisha daktari kazi.

Mtoto aliyefikia hali ya kupumua kwa kina ni wa hospitali siku hiyohiyo, si wa kusubiri gari la kesho. Anahitaji maji ya mshipani na insulini chini ya uangalizi. Soda haimsaidii, na dawa za mizizi zinampotezea saa alizobakiwa nazo. Kama yuko macho na anaweza kumeza, njiani apewe maji ya kawaida. Kabla ya insulini kupatikana, watoto wa namna hii walikufa wote, tajiri na maskini. Wa kwanza kuchomwa sindano hiyo alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, Januari 1922, na aliishi miaka mingine 13.

Akirudi nyumbani, kosa linalowarudisha wengi wodini hufanywa kwa mapenzi. Mtoto anaugua mafua au anaharisha, hataki kula, na mama anasema leo asichomwe insulini kwa kuwa tumbo ni tupu. Lakini breki ya mafuta inahitajika hata bila chakula, na ugonjwa wowote huusukuma mwili kuachia mafuta zaidi. Dozi inaweza kubadilishwa kwa ushauri wa kliniki, ila kuiacha kabisa ni kulifungua ghala upya. Siku hizo hupimwa sukari mara nyingi zaidi, na akitapika mfululizo anarudishwa hospitali.

Kuhusu friji, ambayo nyumba nyingi hazina: chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hudumu takribani wiki nne isipopata joto kali. Huwekwa kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mchanga unaomwagiwa maji kila siku, juu kitambaa kibichi, kivulini. Baridi ya Kibondo inasaidia. Isiwekwe karibu na jiko, hata kama mawese yapo hapo yakiyeyuka.