Vunja Ukimya, Halafu Ukamatwe?

Wiki mbili zimepita tangu nitoke kwenye lile bonanza na bado sijatulia, kwa hiyo leo mtanivumilia. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa katiba mpya na tume huru. Mambo ya afya ya akili nilikuwa nayaona ni ya watu wenye nafasi zao, wenye muda wa kukaa na kujiuliza wanajisikiaje. Nimebadilika, na nitawaambia kilichonibadilisha.

Ilikuwa Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi, manispaa moja hapa Dar. Jogingi kuanzia saa 12 asubuhi, halafu aerobiki, halafu mabanda. Fulana nyeupe, kifuani zimeandikwa VUNJA UKIMYA. Spika kubwa kama za harusi. Mimi nilikuwa banda la msaada wa kisheria na wenzangu wawili wa chuo. Kulikuwa na banda la kupima presha na sukari, banda la benki (sijui benki walikuja kutibu nini), na pua na mdomo na sisi, banda la polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa 3, akafika saa 5. Akasomewa risala, akapewa fulana, akapanda jukwaani. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: vijana semeni, msikae na mambo moyoni, mkizidiwa tafuteni mtu mseme. Makofi. Diijei akaweka wimbo.

Wakati watu wanacheza, kuna kaka mmoja, umri wangu tu, helmeti ya bodaboda mkononi, alikuwa amezunguka banda letu kama mara tatu. Ya nne akaingia.

"Dada, wewe ni wakili?"

"Bado kaka. Nasoma."

"Kwa hiyo mtu akikwambia kitu, lazima ukaseme?" Akatupia jicho banda la jirani. "Hao maafande wanaandika majina?"

Nikamwambia hapana, karibu ukae. Akakaa pembeni ya kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Mwaka jana pikipiki yake ya mkataba iliibiwa ikiwa imebaki miezi minne aimalize. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake, nyumbani kuna mama na wadogo zake wawili. Akajaribu kujiua. Mama yake ndiye aliyemkuta, akamkimbiza hospitali. Pale wakaulizwa PF3. Mama akaenda kituoni kuchukua karatasi ili mwanawe atibiwe, akarudi na askari. Alipopata nafuu hakurudi nyumbani, alipelekwa kituoni. Mama akauza cherehani ndo akatoka. Hela ilikwenda wapi, risiti hakuna, mimi na wewe tunajua.

Sasa swali lake lilikuwa hili: "Mheshimiwa amesema tuseme. Nikienda pale mbele nikasema, kesi yangu si itafufuka?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Jamani, jibu liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Mtu akijaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Kifungu chenyewe kifupi hata mstari wa pili hakifiki vizuri. Adhabu hakikutaja, kwa hiyo inaingia adhabu ya jumla ya makosa madogo: kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Sheria ya Afya ya Akili ilitungwa mwaka 2008, wakaandika kuhusu kulazwa na kutibiwa na haki za mgonjwa, kifungu cha 217 wakakiacha kimekaa palepale. Yaani nchi ina sheria moja inayokuita mgonjwa na nyingine inayokuita mhalifu, na inayokufikia kwanza ni ile yenye pingu.

Kwa hiyo yule mgeni rasmi, kwa nia njema kabisa, alikuwa anawaomba vijana mia kadhaa wakiri kosa hadharani, mita kumi kutoka banda la polisi. Dada wa watu pale bandani hana hatia, alikuwa anagawa vipeperushi na alimpa yule kaka maji. Shida ni kwamba fulana inasema jambo moja na sheria inasema lingine, na siku fulana ikishafuliwa, inayobaki kazini ni sheria.

Najua mtakaloniambia. Nimeambiwa hata darasani: kifungu hicho hakitumiki, nani kamuona mtu kafungwa kwa kujaribu kujiua? Hoja hii inatolewa na watu ambao hawajawahi kusimama kaunta ya kituo cha polisi saa 8 usiku. Kifungu hakihitaji hakimu ili kitumike. Kinatumika pale askari anapomwambia mama "hii ni kesi, mama". Kinatumika familia inapoamua kumficha mtoto ndani badala ya kumpeleka hospitali, kwa kuwa hospitali kuna PF3 na PF3 inatoka kituoni. Sheria ambayo haifiki mahakamani ndiyo tamu kwa mla rushwa, haina jalada wala hukumu ya kukatia rufaa.

Wengine wanasema ukiifuta utakuwa unahamasisha. Hivi kweli kuna mtu usiku ule ule amefungua Kanuni ya Adhabu, akasoma 217, akaahirisha? Na wale wa dini, mimi pia nasali. Dini zetu zinakataza, na masheikh na wachungaji waendelee na kazi yao, wanaifanya vizuri kuliko jela. Kumshawishi au kumsaidia mtu ajiue kuna kifungu chake, cha 216, na hicho kibaki mahali pake. Tunazungumzia mtu aliyebaki hai na anayehitaji daktari.

Halafu tuulizane, hii sheria ni ya nani? Si ya babu zangu. Ililetwa na Waingereza enzi za Tanganyika, na Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule sisi tulipopata uhuru. Wao wakaiacha, sisi tukairithi, na mpaka leo tunaibeba kama mtoto wa kambo wa mtu mwingine. India, ambako sheria zetu nyingi za kikoloni zilipitia kabla ya kufika huku, mwaka 2017 walitunga sheria inayomchukulia aliyejaribu kujiua kuwa mtu aliyezidiwa na msongo mkali, anayestahili matunzo. Ghana walifuta kosa hilo mwaka 2023. Na hapa jirani, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji Lawrence Mugambi, imesema kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba yao: kinambagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake na kinamvua utu. Kilikuwa pacha wa kifungu chetu, mzazi mmoja.

Niliposoma habari za hukumu hiyo nilirukaruka chumbani. Nikasema basi, na sisi twendeni mahakamani, Ibara ya 12 na ya 13 zipo, utu na usawa vimeandikwa. Nikaenda kwa mwanasheria mmoja ninayemheshimu kumuuliza tunaanzaje. Akacheka, si kwa dharau. Akaniambia nikasome marekebisho ya 2020.

Nikasoma. Kule Kenya walioenda mahakamani ni pamoja na tume yao ya taifa ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Hapa kwetu, baada ya Bunge kupitisha Sheria Namba 3 ya 2020, anayefungua kesi ya haki za msingi alilazimika kuapa kwa kiapo kueleza jinsi jambo hilo lilivyomuathiri yeye binafsi. Chama cha madaktari hakikuweza kuapa hivyo, na mimi mwanafunzi wa sheria mwenye hasira zangu pia sikuweza. Sasa nani aliweza? Yule kaka wa bodaboda. Yaani ili aombe mahakama ifute kosa, alitakiwa aape mbele ya wakili, kwa jina lake kamili na anuani yake, kwamba kosa hilo amelitenda. Karatasi ikishasajiliwa, serikali ingeisoma. Nimejaribu kuitafutia sababu njema sheria hii, nimeshindwa. Walifunga mlango kisha wakaweka ufunguo ndani ya jela.

Ndo maana nasema mabonanza haya tusiyadharau ila tusiyakubali kirahisi. Watu wanakuja. Mama mmoja pale alipimwa presha akakutwa iko juu sana, akapelekwa zahanati palepale. Hilo ni jema. Lakini ukichunguza utaona kila kitu kinaelekezwa kwa mtu mmoja mmoja: wewe sema, wewe kimbia asubuhi, wewe punguza mawazo. Mikataba ya pikipiki haitajwi. PF3 ndiyo kabisa. Serikali inakuja pale kama mgeni, tena rasmi, inakaa kwenye hema lenye viti vya vitambaa, wakati yenyewe ndiyo mwenye nyumba.

Na "makundi maalumu" je? Nalichukia neno hili. Vijana viziwi kama kumi waliletwa na basi, wakakalishwa mstari wa mbele wapigwe picha, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Wakakaa saa 3 wakitazama midomo. Kijana wa kiti mwendo alitakiwa kupokea cheti, jukwaa lina ngazi nne. Mgeni rasmi akashuka, watu wakapiga makofi kwa unyenyekevu wake! Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Siku ile kulikuwa na wadhamini watatu wenye mabango. Hakuna aliyewauliza.

Kuna lingine ambalo mtu wa siasa anatakiwa limkoseshe usingizi. Fungueni Katiba, Ibara ya 5(2). Inaruhusu Bunge kumzuia raia kupiga kura kwa sababu ya "ugonjwa wa akili". Haisemi upi, wala wa kiwango gani. Mtu mwenye sonona anayemeza dawa zake na kwenda kazini kila siku, yumo au hayumo? Maneno mapana hivyo yakiwa mikononi mwa watu tunaowajua, mimi siyaamini.

Sasa tugeukie kwetu, maana nisipofanya hivyo nitakuwa mnafiki. Kwenye mkutano wetu wa hadhara mwaka jana, msemaji wetu mmoja alisema kiongozi fulani "ametoroka Mirembe". Uwanja ulilipuka. Nilicheka na mimi, tena nilikuwa nimesimama. Mirembe ni hospitali, iko Dodoma tangu 1927, kuna watu wametoka pale wakarudi majumbani kwao na kadi zetu wanazo. Siku ile kuna mwenzetu kwenye umati aliyeamua kwamba hatasema kamwe. "Chizi" na "kichaa" ni matusi ya rahisi, na sisi tuna hoja za kutosha. Tuwaite wezi wa kura, hilo linatosha.

Na wewe unayesoma hapa usiku huu, kama uko kwenye giza hilo, sijaandika haya kukutisha. Daktari na muuguzi wana wajibu wa kukutibu na kutunza siri yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, mwende naye hospitali. Ndivyo nilivyomwambia yule kaka baada ya kumwambia ukweli wote wa sheria. Muuguzi wa banda la presha akatuelekeza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Jumatatu nikamsindikiza. Tulikaa foleni kuanzia saa 1 mpaka saa 7. Hakuna aliyetuuliza PF3. Ana kadi ya kurudi, na juzi alinitumia ujumbe kuniuliza nimefaulu mtihani wa Ushahidi au la.

Bunge lililochaguliwa 2020, karibu lote la CCM, halikufuta 217. Sisi tunaandika ilani. Nimeomba mstari mmoja uingie: tutafuta kosa la kujaribu kujiua, na tutalinda haki ya raia kufungua kesi kwa niaba ya wasioweza. Kuna aliyeniambia jambo hili halina kura. Nimemuomba atafute mtaa mmoja tu hapa Dar ambao hauna familia yenye siri hii, aje anionyeshe.

Kikao cha maoni ya ilani ni Jumamosi, saa 4 asubuhi. Rasimu ninayo, ukurasa mmoja. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna, nimeshaandika barua tuhamie kwenye ule uwanja wa nyuma, chini ya mwembe. Mpaka leo sijajibiwa.