Kipimo unajichukulia mwenyewe, majibu usiyakimbie

Mwezi uliopita tulikuwa msibani, tunachambua mchele. Marehemu ameacha watoto wanne, na kilichomwondoa ni saratani ya mlango wa kizazi. Dada mmoja aliyekaa pembeni yangu akasema kwa sauti ya chini, “Mimi kupima siendi. Nipande kile kitanda, nitanue miguu mbele ya daktari anayelingana na mwanangu?”

Bibi mmoja akamjibu, “Mficha uchi hazai.”

“Bibi, mimi nimeshazaa,” akasema yule dada. Tukacheka, lakini nilirudi nyumbani na maneno yake. Leo namwandikia yeye na wenzake.

Dada yangu, saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wagonjwa wapya wanakadiriwa kuzidi 10,000 kila mwaka. Karibu wote chanzo chake ni kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Lakini haiji ghafla. Kutoka kirusi kuingia hadi saratani kujitokeza hupita miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna maumivu. Ndiyo maana tunapima wakati tukiwa wazima.

Kipimo tulichokizoea ni cha siki. Mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Hapo kitanda hakikwepeki, kwa sababu lazima aone. Kipimo cha HPV ni tofauti. Maabara inatafuta kirusi chenyewe, na kirusi hupatikana hata kwenye majimaji ya ukeni. Kwa hiyo sampuli unaweza kuichukua mwenyewe, na Shirika la Afya Duniani limeukubali utaratibu huu.

Unapewa kijiti chenye brashi laini au pamba. Unaingia chumbani au chooni, unafunga mlango. Unanawa mikono, unakiingiza taratibu ukeni, unakizungusha kama ulivyoelekezwa, unakitoa na kukitia kwenye kichupa chake. Huna haja ya kuufikia mlango wa kizazi. Unamkabidhi muuguzi, unajifunga khanga yako, unakwenda zako.

Shirika hilo linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, na 25 kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi. Usipokutwa na kirusi, unarudi baada ya miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU baada ya miaka 3 hadi 5.

Sasa jambo ninalotaka ulishike. Kujichukulia sampuli ni nusu ya safari. Wapo wanaotoa sampuli kisha wakakimbia majibu, na hao ni sawa na ambaye hakupima. Ukiambiwa kirusi kipo, hujaambiwa una saratani. Wanawake wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Lakini lazima urudi uangaliwe, na hapo, sikufichi, kitanda utakipanda. Yakionekana mabadiliko ya awali, mara nyingi hutibiwa kwa kuunguzwa au kugandishwa, kazi ya dakika chache, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Na nyumbani je? Baba, nawe sikiliza. Kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana, hivyo jibu hilo si ushahidi kwamba mkeo ametoka nje. Mwanamke anayeogopa kesi sebuleni hatarudi kuchukua majibu. Mpe nauli na umsindikize.

Kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu mbaya hauishi, usisubiri kijiti. Nenda ukaonwe na daktari.

Si kila kituo kina kipimo hiki. Uliza kliniki iliyo karibu nawe. Wakikwambia hakipo, pima kwa siki. Hicho nacho kimeokoa wengi.

Dada yangu wa msibani, kweli umeshazaa. Hao uliowazaa bado wanakuhitaji.